Papa mkavu, jodari na mimba ya miezi mitano: samaki wa Mombasa wana sumu ama twatishana tu?

BintKuze (mwenye uzi)

Assalam aleikum jamaa. Nisomeni mpaka mwisho, ni refu kidogo.

Nina mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Naishi Mji wa Kale kwa mavyaa, na mavyaa wangu, Mungu amuweke, ni mtu wa samaki. Jumatatu papa mkavu wa tui. Ijumaa nguru wa kupaka. Katikati hapo jodari, na kile kipande kinono lazima kiishie kwenye sahani yangu: "Kula mwanangu, mtoto apate akili." Sijawahi kulalamika, maana mkono wake wa kupika ni wa kuombewa dua.

Juzi kwenye kikundi chetu cha WhatsApp ikaja sauti ya mtu asiyejitaja, amekazana kusema samaki wote wa Mombasa wana zebaki na risasi, zile metali zenye sumu, bahari imekufa kwa sababu ya bandari na jaa la Kibarani, na mja mzito akila samaki atamharibu mtoto. Nikaipuuza, sauti kama hizo huja kila siku.

Jana mchana nikatoka na dada yangu tukala kwenye hoteli moja, siitaji jina. Tukaagiza jodari wa kuchoma. Hata dakika ishirini hazikwisha, uso ukaniwaka kama niliyepakwa pilipili, ulimi wawasha, kichwa chagonga, kifua chote kikatoka mabaka mekundu. Kumgeukia dada yangu, naye ni vile vile. Tukakimbizwa zahanati, tukadungwa sindano, kufika magharibi yameisha. Lakini wakati natoka, mmoja pale mapokezi akaniambia, "Hiyo ni zebaki hiyo dada, wacheni samaki."

Usiku sikulala. Nauliza wanaojua: ni kweli? Niwache samaki kabisa? Na nikiwacha, mavyaa nitamwambia nini?

ChapaMaji

Mwambie daktari amekuandikia kuku. Kuku wa wiki tano naye ana hadithi yake, lakini huo ni uzi mwingine.

KijanaWaDunga

Pole dada. Mimi ni wa Kisumu ila naishi Bamburi miaka mingi. Nyinyi wa pwani mwaanza kushangaa leo, sisi wa ziwani tumeyapitia. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu watu walikuwa wanamwaga dawa ya kuulia wadudu wa shambani ndani ya maji. Samaki akilewa anaelea, anaokotwa, anapelekwa sokoni. Mbuta hatakiwi, viwanda vya minofu vikapunguza watu, na mzee wangu alikuwa mmoja wa waliorudi nyumbani wakakaa chini ya mwembe.

Kwa hivyo mtu asikwambie sumu ya samaki ni uvumi. Ningekuwa wewe ningewacha mpaka nijifungue.

NahodhaMtongwe

Mwanangu BintKuze, pole sana. Na wewe kijana wa Dunga, pole kwa mzee, lakini dawa kumwagwa makusudi ni wizi, si bahari. Tusichanganye.

Nimevua miaka zaidi ya arubaini, kwanza na marehemu babangu kwa malema, kisha kwa jarife, sasa macho hayaoni vizuri nakaa nashona nyavu za wanangu. Niwaambie jambo moja ambalo mwenye sauti ya WhatsApp halijui: bahari ya Mombasa si moja. Kuna hori, na kuna nje.

Hori ni Port Reitz, Makupa, Tudor. Huko ndiko mvua inakoshusha kila kitu cha mjini: maji ya gereji, maji ya viwanda, maji ya vyoo, mafuta ya meli. Makupa ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Ile barabara ya zamani ilijazwa mawe na mchanga, ikaziba mlango, upande mmoja maji yakawa yameganda kama ya kisima, na jaa la Kibarani pembeni likavuja humo humo. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika pale, mikoko ikasimama mikavu kama miti ya kuchomea maiti ya Wahindi. Mwaka 2005 yakamwagika tena Kilindini kutoka kwenye meli. Siku hizo ukikamata mkizi humo, ukimpika nyumba nzima yanuka mafuta ya taa. Hata paka ampita. Tangu daraja lifunguliwe 2022 maji yapita, na bamvua likija waona yanajisafisha, lakini matope ya chini ni yale yale. Hata watu wa utafiti wa bahari kule Mkomani wamekuwa wakichota matope ya Makupa na Port Reitz kupima madini tangu mimi kijana.

Mimi chaza wa Makupa siwapi wajukuu zangu. Silisemi hili kwa kusoma, nalisema kwa pua.

Lakini nguru na jodari hawakai Makupa! Nguru atoka nje, kwenye maji ya buluu. Kaskazi ikitulia ndipo twamfuata. Tofauti yaja msimu wa kusi: bahari yachafuka, vyombo vidogo havitoki nje ya miamba, basi wengi wavua ndani ya hori. Kwa hivyo anayetaka kuogopa samaki wa hori, aulize samaki katoka wapi, na aulize zaidi mwezi wa sita na wa saba. Huyo jodari wako mwanangu alitoka maji safi kabisa. Mimi naona alilala.

Maabara_Tudor

Mzee Nahodha amenimaliza. "Alilala" ndilo jibu lenyewe.

Mimi nimesomea kemia na kazi yangu ni kupima maji na vyakula. Dada, kilichokupata jana si zebaki hata kidogo. Ni histamini. Jodari, nguru, vibua na jamaa zao wana histidini nyingi kwenye nyama, ni kijenzi cha protini. Samaki akishavuliwa akakaa kwenye joto letu hili bila barafu ya kutosha, bakteria huigeuza ile histidini kuwa histamini. Na histamini ndiyo kitu kile kile mwili wako mwenyewe hutoa ukiwa na mzio, ndiyo maana dalili zafanana: uso kuwaka, mabaka, kichwa kugonga, ulimi kuhisi pilipili. Huanza ndani ya dakika chache au saa chache na mara nyingi huisha siku hiyo hiyo. Mlipata wawili kwa samaki mmoja, hiyo yenyewe yaonyesha tatizo lilikuwa kwa samaki, si mzio wako.

Ubaya wake ni kwamba haiondoki. Uchome, ukaange, umtie kwenye friji baada ya kuharibika, histamini ikishajijenga imejijenga. Na samaki aweza kuwa na sura nzuri na asinuke. Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, vinataka isizidi miligramu 200 kwa kilo. Barafu tangu kwenye chombo, si barafu ya sokoni saa nne asubuhi, ndiyo dawa pekee. Ukila jodari mbichi-mbichi au wa kuchoma ukahisi ncha ya ulimi yawasha na hakuna pilipili, tema, usione haya.

Na yule wa mapokezi asilaumiwe sana, watu wengi hufikiri hivyo. Lakini zebaki haiji mbio. Zebaki ya samaki huingia taratibu, wiki kwa wiki, bila kipele hata kimoja.

Kwa hivyo jodari wa jana amekosewa. Ila zebaki yenyewe ipo, na hapo nitaudhi watu, maana haipo mnapoitafuta.

BintKuze

Alhamdulillahi, angalau hilo. Lakini hiyo sentensi ya mwisho imenirudishia homa. Sema yote.

Maabara_Tudor

Nitasema, niko zamu ya usiku na mashine inapasha.

Zebaki hutoka kwenye makaa ya mawe yanayochomwa duniani kote, kwenye volkano, kwenye machimbo madogo ya dhahabu (ya Migori na Kakamega yamo, wachimbaji huitumia kunasia dhahabu kisha huichoma ikapaa hewani). Huzunguka na upepo, hushuka na mvua, huzama. Kule majini na kwenye matope, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, na hii ndiyo yenye mambo. Kijimea kidogo kisichoonekana hunywa chembe. Kidagaa kinakula vijimea elfu. Kibua anakula vidagaa. Jodari anakula vibua. Papa anakula jodari, na papa ana umri, yuko pale miaka ishirini anakusanya tu. Haitoki kwa haraka, kwa hivyo kila anayekula mwenzake anarithi deni la wote. Samaki mkubwa mla wenzake aweza kuwa na methili-zebaki mara milioni na zaidi ya ile iliyomo kwenye maji anamoogelea.

Ndiyo maana nimesema mwaitafuta pasipokuwa. Papa wa maji ya buluu safi, mbali na Kibarani, mbali na bandari, anayo. Wa Oman anayo, wa Australia anayo. Na mkizi wa hori anayetafuna matope ana kasoro zake nyingine, lakini kwa zebaki kwa kawaida huwa chini sana kuliko papa.

Na imejifunga kwenye nyama yenyewe, kwenye protini, si kwenye mafuta wala ngozi. Ndimu haiitoi. Kuchemsha na kumwaga maji hakuitoi. Wale wanaosema umtoe ngozi na mafuta, ushauri huo wafaa kwa sumu nyingine za viwandani kama PCB na dioksini zinazokaa kwenye mafuta, si kwa zebaki.

Kwa nini mja mzito? Kwa sababu ya Minamata, Japani. Kiwanda cha Chisso kilimwaga maji yenye zebaki kwenye ghuba kuanzia 1932 hadi 1968. Walioanza ni paka wa kijiji cha wavuvi: wakizunguka kama wanaocheza ngoma, wakianguka baharini. Kisha watu. Mei 1956 ugonjwa ukaripotiwa rasmi, mikono ya watu yatetemeka, macho yaona kama kwa tundu la sindano, ulimi mzito. Lakini lililowashtua madaktari ni wanawake waliokuwa wazima au karibu wazima wakazaa watoto walioumia vibaya ubongo. Methili-zebaki hupita kondo la nyuma, na ubongo unaojengwa ndio unaoumia kwanza.

Sasa usizimie. Minamata ilikuwa ghuba yenye kiwanda, samaki wake walibeba zebaki mara nyingi kuliko samaki wa kawaida wa bahari. Jirani zetu wa Shelisheli, bahari hii hii yetu, akina mama wao hula samaki karibu milo 12 kwa wiki, na watafiti wamewafuatilia watoto wao tangu mwisho wa miaka ya 1980. Hawakuona madhara ya wazi waliyoyaogopa. Kule visiwa vya Faroe, Ulaya, watoto walionekana kurudi nyuma kidogo kwenye majaribio ya akili, lakini wale mama zao walikula nyama ya nyangumi, ambaye naye hubeba zebaki nyingi. Nyinyi wenyewe pimeni.

KijanaWaDunga

Kwa hivyo nikisema awache, nimekosea?

Maabara_Tudor

Nusu. Awache baadhi. Ngoja.

MamaKarangaLikoni

Hebu kwanza, maana nasoma huku nageuza karai. Mimi nauza simu, vibua, tafi na changu, ukanda wa feri. Miaka yote watu wa maofisini wanipita kama jalala, "ah, hao samaki wadogo ni wa maskini", waenda kununua minofu ya nguru. Sasa mtaalamu asema mdogo ndiye msafi? Rudia hapo, niitie watu.

Maabara_Tudor

Mama, narudia kwa herufi kubwa: MDOGO, WA MUDA MFUPI, ASIYEKULA WENZAKE. Dagaa na simu hawaishi muda mrefu. Tafi anakula majani ya baharini, pono anaguguna matumbawe. Vibua wadogo. Kamba. Hao ndio wa kila siku, hata kwa mja mzito. Sehewa na jodari wadogo wako katikati, mara moja moja. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani huwaambia waja wazito wasiguse kabisa papa, wale wenye mdomo wa upanga (sulisuli na nduaro), jodari wa macho makubwa, na samaki mmoja ambaye ni binamu kabisa wa nguru wetu. Nguru wetu mwenyewe kwangu ni hivi: kipande cha mdogo wa kilo mbili si sawa na kipande cha yule wa kilo ishirini anayepigwa picha ufukweni.

Ila nawe mama, hayo mafuta ya karai ubadilishe. Yakishakuwa meusi ni kemikali nyingine tena.

MamaKarangaLikoni

Nabadilisha Jumatatu na Alhamisi. Usinivunjie soko uliponijengea.

BintKuze

Swali langu ni papa mkavu. Si samaki mzima, ni vipande viwili vitatu kwenye tui. Kwani vipande viwili vitafanya nini?

Maabara_Tudor

Hapo ndipo kwenye hesabu, na ningependa mavyaa aione.

Kamati ya wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, imesema mtu asizidishe mikrogramu 1.6 za methili-zebaki kwa kila kilo ya uzito wake kwa wiki. Tuseme una kilo 60. Hiyo ni mikrogramu 96 kwa wiki nzima.

Codex inaruhusu papa auzwe akiwa na hadi miligramu 1.6 kwa kilo. Kwa hivyo papa wa halali kabisa, aliyefika mwisho wa kiwango, gramu 60 tu zake zimekumalizia wiki. Gramu 60 ni kipande kisichojaa kiganja cha mwanamke. Halali sokoni na kingi kwa mja mzito ni vitu viwili tofauti, na hilo watu wengi hawalijui.

Na huyo ni mbichi. Papa akikaushwa akawa ng'onda, maji yanatoka, zebaki inabaki. Kilo ya papa mkavu imetokana na kilo kadhaa za papa mbichi. Kipande chembamba kikavu unachokiona hakina kitu, kikilowekwa kikafura, kumbe ni kile kile kikubwa.

Chukua sasa samaki mdogo mwenye miligramu 0.05 kwa kilo. Ili ufike mikrogramu 96 itabidi ule karibu kilo 2 kwa wiki. Tumbo litakataa kabla ya zebaki.

Kiwango hicho si mstari wa kufa, kimewekwa kwa tahadhari ya mtoto aliye tumboni. Na uliyokwisha kula usiyalilie: mwili hutoa nusu ya methili-zebaki kwa siku kama 50 hivi. Ukibadilisha leo, ukifika miezi tisa imeshuka sana.

ChapaMaji

Na wale samaki wasiotuliwa na inzi? Mjomba wangu aapa ni dawa ya maiti.

Maabara_Tudor

Inzi si maabara. Samaki aliyezikwa kwenye barafu vizuri inzi hamjali, maana hanuki. Formalini kuchezewa kwenye chakula ni hatari ya kweli na ni sumu ya saratani, lakini kuna mtego: nyama ya samaki wengi wa baharini hutoa formaldehidi kidogo yenyewe baada ya kufa. Bila kipimo usimtaje mtu. Mimi natazama mashavu: yawe mekundu yenye ute, yanukie bahari. Nyama ngumu kama mpira na mashavu hayana harufu yoyote, hata ya samaki, mimi huyo simchukui.

WaMikindani

Nimesoma uzi wote, sijaona anayezungumzia risasi, na mimi ndiyo yangu.

Nimekulia hatua chache kutoka mtaa wa Owino Uhuru. Mnakumbuka kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, kuta zake na nyumba za watu zaegemeana. Phyllis Omido aliajiriwa pale, mwanawe akaugua, alipopimwa ikawa ni risasi, yeye akaanza kupiga kelele mpaka akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikazunguka rufaa, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha hukumu ile. Wengine wamekufa wakisubiri.

Sasa mwaniuliza kama risasi iko kwenye changu? Risasi tuliila kwenye vumbi, tukaivuta, watoto walicheza ndani yake. Mvua kubwa ikija, mteremko wa kwetu waelekea hori la Port Reitz. Mzee Nahodha ajua. Lakini watu wa mjini huikumbuka risasi siku wanayonunua samaki tu.

Maabara_Tudor

Kweli tupu. Na kwa kisayansi yuko sawa: risasi haipandi ngazi kama zebaki. Hukaa kwenye mifupa, kwenye magamba, na kwa wakaao matopeni: chaza, kome, kaa. Chaza huchuja maji siku nzima, kila kilichomo anakibakisha. Hata mafuta ya meli, samaki ana ini la kuyavunja kwa siku chache, chaza hana kitu cha maana. Kwa hivyo pua ya Mzee Nahodha imepasi mtihani. Kadimiamu nayo, metali nyingine yenye sumu, hupenda matumbo: ule wino na maini ya ngisi na pweza, mtoe wote, kula nyama.

Na sufuria, nilisahau. Zile za kienyeji zinazofuliwa kutoka mabaki ya vyuma. Za namna hiyo kutoka Cameroon zilipopimwa zilitoa risasi kwenye chakula kichachu. Sisi twapika samaki kwa ukwaju na ndimu humo humo, saa nzima, kisha twamlaumu samaki.

MkungaMvita

Naingia kwa sababu mjadala huu nauona kliniki kila Jumatano.

BintKuze mwanangu, samaki usiwache. Nimeona wasichana waliotishwa na sauti kama hizo, wakawacha samaki, wakabaki na chai na mahamri, damu ikashuka. Mafuta ya samaki ndiyo yanayojenga ubongo huo huo mnaouhofia. Dagaa wa nazi mara tatu kwa wiki ni bora kuliko vidonge vingi vya bei.

Lakini nitakuuliza mbele za watu, na wengine wajijibu moyoni. Wapaka mkorogo? Maana yuko anayekuja akilia habari za zebaki ya samaki, na uso wake ung'ae kama sahani. Krimu nyingi za kujichubua zina zebaki, asubuhi na jioni, kwenye ngozi, miezi tisa. Mkataba wa kimataifa uliopewa jina la hiyo hiyo Minamata umezipiga marufuku, nenda dukani uone.

Na udongo. Msijifanye hamuujui. Ule mawe laini yanayouzwa kwa vifungu Kongowea, mja mzito anatafuna kama karanga. Udongo huo umekutwa na risasi mara nyingi. Akiletwa mbele yangu anayekula udongo na anayekula papa, namshika wa udongo kwanza.

BintKuze

Mkorogo sipaki, wallahi. Udongo... nimeacha leo saa tano asubuhi baada ya kusoma hapa.

NahodhaMtongwe

Na bunju msile, na nyama ya kasa msile. Hayo si machafu ya bandari, ni sumu yao wenyewe. Pemba, kisiwa cha Panza, mwezi wa tatu 2024 wamekufa watu tisa kwa kasa, wanane watoto. Hakuna kiwanda kule.

BintKuze

Nimerudi baada ya siku nne, nimeona mwaniulizia.

Niliogopa kumkabili mavyaa, nikamtuma mume wangu, akarudi kimya bila jibu. Basi Ijumaa nikaenda mwenyewe jikoni, nikakaa kwenye mbuzi nikimkunia nazi, nikamsomea hesabu ya gramu 60. Akaendelea kukamua tui kama hanisikii. Kisha akasema, "Mimi nimezaa saba kwa papa huyo huyo." Nikamwambia ni kweli mama, na wote wazima. Akasema, "Si wote." Akanyamaza tena. Sikuuliza, na sitauliza.

Jioni sahani yangu imekuja na tafi wawili wa kupaka, wadogo, na mchicha. Jana dagaa. Leo amemtuma mtoto feri kwa mama mmoja wa karai, kaambiwa aulize mafuta yamebadilishwa lini. Nadhani ni MamaKaranga wetu huyu, kama si yeye anisamehe.

Ila kwenye kabati kulikuwa na papa mkavu wa karibu mwezi mzima, wa kutoka Lamu, na mavyaa hatupi chakula. Amemwekea mwanawe. "Wewe mimba huna, kula." Leo ni siku ya tatu mume wangu anakula papa wa tui peke yake, mchana na usiku, na amenisukuma nije niulize kama uzi huu una sehemu ya wanaume.

MamaKarangaLikoni

Ni mimi. Mwambie Alhamisi.

ChapaMaji

Shemeji ana kilo ngapi? Tumpigie hesabu.